Slaidi ya mama inaonyesha pete ila kipimo cha kadi cha malaria kimetoka negativu, naombeni wanaojua mambo ya maabara

Binti_Muheza (Jumamosi, saa 5 usiku)

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mama hapa wodini, kwaiyo mtanisamehe nikichanganya mambo.

Niko Massachusetts, kule upande wa Cape Cod, mwaka wa tisa sasa. Mama yangu ana miaka 67, alikuja kutoka Muheza mwishoni mwa mwezi wa tano kunisaidia maana nimejifungua. Sasa mama ni mtu wa shamba, hajui kukaa bure, nyuma ya nyumba yetu kuna kieneo kinaishia kwenye vichaka na msitu, kakilima chote kapanda mchicha na matembele, asubuhi na jioni yuko huko amechutama na kanga yake. Mi nilikuwa nafurahi kumuona ana furaha.

Wiki mbili na nusu zilizopita akaanza kusema mwili unamuuma, tukadhani ni jembe. Alafu ikaja homa, jioni anatetemeka, usiku analowa jasho mpaka nabadilisha shuka mara mbili, chakula hataki. Mwenyewe akasema hii malaria naijua, imenifuata. Nikampeleka kwenye kliniki ya mtaani, wakamwangalia dakika kumi wakasema ni virusi, apumzike anywe maji mengi. Hawakuchukua hata tone la damu, na mimi sikung'ang'ania, hilo ndio linaniumiza mpaka sasa hivi. Siku ya nne baada ya pale mkojo ukawa kama chai ya rangi na macho ya njano, ndio tukakimbia hospitali kubwa.

Hapa wamempima damu wakasema ana vimelea ndani ya chembe nyekundu, asilimia 6 ya chembe zina pete. Himoglobini 8.1, chembe sahani zile za kugandisha damu 58 elfu, na LDH, kipimo kinachopanda chembe zikivunjika, iko juu sana. Daktari wa kwanza akasema ni malaria kwa sababu ametoka Tanzania. Ila kipimo cha kadi cha malaria kimetoka negativu, wamerudia mara ya pili, negativu tena. Jioni hii amekuja daktari mwingine wa magonjwa ya kuambukiza, akaniuliza sana kuhusu bustani na kupe, akasema anashuku kitu kinaitwa babesia, wamechukua damu nyingine ya PCR, kipimo cha vinasaba, majibu labda kesho au keshokutwa. Mama anasema hajaumwa na kupe yoyote, na kupe anawajua vizuri amefuga ng'ombe miaka yote.

Naombeni mnieleze, inawezekanaje pete zionekane alafu malaria isiwepo? Na hiyo babesia inapimwaje mpaka mtu awe na uhakika? Kwenye ripoti kuna maneno mengi, mengine siyaelewi kabisa, kuna sehemu wameandika "Howell-Jolly" sijui ndio nini, nikadhani ni jina la daktari.

Chuma_cha_Reli (Jumamosi, saa 5:40 usiku)

Pole sana dada. Mimi naona ni malaria tu hiyo, mtu katoka Muheza jamani, Tanga yote ile mbu. Kadi zina makosa yake. Sisitiza wampe dawa mseto haraka, wazungu malaria hawaijui wanaisoma kwenye vitabu. Mungu amponye mama.

MezaYaMaabara (Jumapili, saa 12:15 asubuhi)

Dada Binti pole, na usijilaumu kwa ile kliniki, homa ikiwa bado changa hata mimi ningekuwa mezani siku hiyo labda ningeona pete moja moja tu au nisione kabisa.

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali ya wilaya huku kanda ya ziwa, mwaka wa 14 sasa niko kwenye hadubini. Kabla sijaeleza chochote naomba ufanye jambo moja asubuhi hii hii: muulize mama au ndugu zake kama bandama yake ipo. Yani kama aliwahi kufanyiwa operesheni ya tumbo ikatolewa. Howell-Jolly sio daktari. Ni vidoa vidogo vya mviringo, mabaki ya kiini yanayobaki ndani ya chembe nyekundu, na kwa mtu wa kawaida bandama ndio inayovisafisha, kwaiyo slaidi yake huvioni. Ukiviona vingi maana yake bandama haipo au haifanyi kazi. Na mtu asiye na bandama akipata babesia ni habari nyingine kabisa, ndio wale wanaoumia vibaya na matibabu yao ni marefu zaidi. Hiyo taarifa madaktari wanaihitaji leo.

Sasa kuhusu pete. Vimelea vya malaria na vya babesia vyote vinakaa ndani ya chembe nyekundu, na vyote vikiwa vichanga vinaonekana kama kapete, bluu kidogo na kidoti chekundu. Ile malaria yetu kali, falsiparamu, pete zake ni nyembamba na ndogo na mara nyingi unakuta mbili kwenye chembe moja, babesia nayo hivyo hivyo. Kwaiyo mtu wa maabara akiambiwa "mgonjwa katoka Afrika" jicho linaona malaria hata kabla hajazungusha lenzi, hiyo ni hatari ya kazi yetu na nasema kwa sababu imewahi kunitokea kwa mambo mengine.

Tofauti zipo ila zinataka utando mwembamba, sio tone nene. Tone nene tunalolitumia kutafuta malaria chembe nyekundu zinapasuka zote, vinabaki vimelea peke yake, huwezi kujua kilikaa vipi ndani ya chembe. Utando mwembamba unaukausha kwa methanoli kwanza, chembe zinabaki nzima, alafu unatia giemsa, ile rangi ya kuonyesha vimelea. Hapo ndio unaangalia. Babesia pete zake hazilingani, moja ndogo sana nyingine nene, nyingine kama yai, unakuta hata nne kwenye chembe moja, na kuna vingine viko nje ya chembe vimekusanyika, kitu ambacho malaria ni nadra kukuonyesha. Malaria ikikua inaacha rangi ya kahawia, ni mabaki ya himoglobini aliyoila, babesia haina hiyo rangi hata kidogo. Falsiparamu ikikaa mwilini siku kadhaa inatoa zile mbegu zenye umbo la ndizi, babesia haina ndizi. Na mwisho kuna ile alama ambayo ukiiona mjadala umekwisha: vimelea vinne vimeshikana ncha kwa ncha kama msalaba. Ni nadra, unaweza kupitia slaidi nzima usiione, lakini ikionekana hakuna malaria inayofanya hivyo.

Kadi nayo ina maana yake. Kadi haitazami kimelea, inatafuta protini za malaria. Babesia haitoi protini hizo. Ni kweli @Chuma_cha_Reli kadi hukosea, vimelea vikiwa vichache sana inaweza kukosa, na kule Eritrea na Ethiopia kuna falsiparamu ambayo haina kabisa protini inayotafutwa na kadi nyingi. Lakini asilimia 6 sio kidogo mkuu, huo ni mzigo mkubwa, falsiparamu ya kiwango hicho ile mistari inawaka kabla hujamaliza kuandika jina la mgonjwa. Pete asilimia 6 na kadi negativu mara mbili kwa mtu aliyekaa wiki saba Cape Cod, mimi ningeinua simu nimwite mkubwa wangu. Na dawa mseto sio tiba ya babesia. Mwache daktari aamue kama atamfunika kwa vyote viwili mpaka PCR itoke, hilo ni lake, ila msiende kumpa dawa zenu pembeni tafadhali.

Binti_Muheza (Jumapili, saa 2:50 asubuhi)

@MezaYaMaabara nimesoma nikapiga simu nyumbani hapo hapo, kule ni mchana. Mama mwenyewe anasinzia sinzia, ameniambia tu "walinishona". Mama mdogo ndio kanieleza, mwaka 1987 mama alipata ajali ya basi, akapelekwa hospitali akatoka damu nyingi ndani, wakampasua wakatoa "wengu". Nimekua naliona lile kovu tumboni miaka yote na sisi watoto tuliambiwa ni operesheni ya uzazi. Wengu si ndio bandama??? Nimelia jamani.

Nimeshamwambia nesi, nesi kakimbia, daktari amekuja baada ya dakika tano. Kasema wanaanza dawa ya babesia bila kusubiri PCR na anapelekwa chumba cha uangalizi wa karibu.

MezaYaMaabara (Jumapili, saa 3:10 asubuhi)

Ndio dada, wengu ni bandama hiyo hiyo. Umefanya kazi kubwa. Waambie pia tarehe kamili aliyoondoka Muheza na kama alitumia dawa yoyote ya malaria, hata kidonge kimoja, na kama aliwahi kuongezwa damu karibuni popote, maana babesia inapita kwenye damu ya kuongezewa pia.

Nyota_ya_NewHaven (Jumapili, saa 4:30 asubuhi)

Pole sana dadangu. Mimi ni Mkenya, niko Connecticut, nafanya kazi ya kutunza wazee. Hiyo kitu nimeugua mwenyewe miaka mitatu iliyopita na nataka nikuambie vile ilivyoenda kwa sababu mamako kusema hajaumwa na kupe haimaanishi kitu. Mimi pia sikuona kupe. Hawa wa huku sio wale wa ng'ombe unaweza kushika kwa kidole ukavuta. Ni kupe mchanga, ukubwa wake ni kama zile mbegu nyeusi ndogo ndogo za juu ya mkate (poppy seed), ama doti ya kalamu, anapanda kwa mguu ananyonya siku kadhaa anaanguka na wewe hujasikia hata kuwashwa. Wanakuwa wengi kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, halafu ugonjwa unatokea wiki moja hadi nne baadaye, hesabu tu bustani ya mamako utaona inaingiana. Wanapata huo ugonjwa kwa panya wa msituni wenye miguu nyeupe. Kulungu wanawabeba tu kupe wakubwa na kuwazidisha.

Mimi nilipimwa Lyme kwanza, ugonjwa mwingine wa kupe, kwa sababu huku kila mtu anajua Lyme, ikatoka negativu, wakanipa doksi (antibiotiki ya doxycycline) siku kumi wakisema watibu tu. Doksi inasaidia Lyme na pia ile nyingine inaitwa anaplazima, lakini babesia haiguswi. Nikaendelea kutokwa jasho usiku, kupanda ngazi moja napumua kama nimekimbia, na babesia haikupi upele, kwa hivyo hakuna kitu cha kuonyesha daktari. Ilikuwa wiki ya tano ndio daktari mmoja mama mtu mzima aliangalia damu yangu akaona chembe sahani zimeshuka na chembe nyekundu zinavunjika, akasema hii sio Lyme pekee, tupige slaidi na PCR. Slaidi yangu ilikuwa negativu! PCR ndio ilinasa. Wakati vimelea ni vichache jicho haliwezi, lakini PCR inatafuta vinasaba vyenyewe.

Halafu kitu kingine, wakitaka kumpima kingamwili usikubali hiyo ndio iwe jibu la mwisho. Mimi nilipimwa pia, ikatoka juu, lakini daktari akanieleza kingamwili inaweza kubaki mwezi baada ya mwezi hata kama ugonjwa uliisha, haiwezi kukwambia kama unaumwa leo ama uliugua mwaka jana. Na kama umeambukizwa wiki hii inaweza kuwa bado haijapanda.

Muulizeni pia wampime Lyme na anaplazima, kupe ni mmoja lakini anaweza kubeba vyote.

Mfugaji_Kiteto (Jumapili, saa 6 mchana)

Poleni familia. Mimi ni afisa mifugo na hili jina babesia nimelisoma nikashtuka maana kwetu ni ugonjwa wa ng'ombe, ule wa kukojoa damu. Nimetibu mamia. Ng'ombe homa inapanda, mkojo unakuwa kama kahawa, macho meupe au njano, ukichelewa siku mbili amelala. Tunachukua damu ncha ya sikio au mkia maana vimelea vinajazana kwenye vimishipa vidogo, tunapaka kwenye kioo. Je ni ule ule umemrukia mama kutoka kwa ng'ombe wake wa Muheza? Na ndigana kali nayo vipi, inaingia kwa binadamu? Nauliza kwa sababu vijana wangu wanashika kupe kwa mikono kila siku.

MezaYaMaabara (Jumapili, saa 7:20 mchana)

@Mfugaji_Kiteto swali zuri sana. Ni ukoo mmoja ila sio mtu mmoja. Wa ng'ombe wetu wa kukojoa damu hasa ni babesia bigemina, binadamu hana habari naye kwa kawaida. Ndigana kali ni theileria, ya ng'ombe na nyati, haimpati mtu. Huko Massachusetts ni babesia ya panya, maikroti. Na Ulaya ipo nyingine ya ng'ombe, divergensi, hiyo inaua watu wasio na bandama. Mgonjwa wa kwanza wa binadamu kuandikwa duniani, mwaka 1957, alikuwa mtu wa karibu na Zagreb, Yugoslavia ile ya zamani, hakuwa na bandama na alifariki. Kwa hiyo muda mrefu watu waliamini mwenye bandama yake haumwi, mpaka mwaka 1969 kwenye kisiwa cha Nantucket, hapo hapo jirani na Cape Cod aliko dada, akapatikana mgonjwa mwenye bandama yake nzima.

Na jina lenyewe limetokana na Victor Babeș wa Romania aliyeviona kwenye damu ya ng'ombe mwaka 1888. Ninyi watu wa mifugo mlitangulia, ile kazi ya homa ya ng'ombe wa Texas ya Theobald Smith na Kilborne mwaka 1893 ndio ilithibitisha kwamba kupe anaweza kubeba ugonjwa, kabla hata Ronald Ross, yule daktari aliyeonyesha mbu anabeba malaria, hajamaliza kazi yake.

Nasema aina ina umuhimu kwa sababu hata kipimo kinafuata aina. Kipimo cha kingamwili cha maikroti hakiwezi kunasa babesia dankani ya kule magharibi ya Marekani, wala divergensi. Ndio maana wanauliza ulilala wapi.

Mzee_wa_Kondoa (Jumapili, saa 2 usiku)

Wanangu nimefuatilia kimya. Mimi nina miaka 74, nimekulia nyumba ya tembe, sakafu ya udongo. Kwetu kulikuwa na homa ya papasi, wale kupe laini wanaojificha kwenye nyufa na kutoka usiku. Homa inakushika siku tatu nne inaachia, unasema nimepona, baada ya wiki inarudi. Wazee walikuwa wanabeba papasi kwenye kibuyu wakisafiri ili mwili usisahau. Siku hizi mtu akiumwa homa ya kurudi rudi anapimwa malaria kwa kadi, ikiwa negativu anaambiwa ni UTI. Je hiyo nayo ni katika hizi zenu?

MezaYaMaabara (Jumapili, saa 3:30 usiku)

Shikamoo mzee wangu. Umegusa kidonda changu.

Papasi sio babesia, ile ni bakteria, umbo lake ni kama uzi uliopinda pinda, anaelea katikati ya chembe wala haingii ndani. Borelia duttoni, jina la Joseph Dutton, yule daktari Mwingereza aliyekwenda Kongo kuichunguza, ikampata mwenyewe akafia huko mwaka 1905. Lakini kwa upande wa kipimo ni ndugu wa karibu wa hili la mama Binti, kwa sababu zote mbili zinaonekana kwenye slaidi ile ile ya malaria, kwa rangi ile ile, kwa macho yale yale. Wakati tunasoma slaidi kila mwenye homa, ukikuta uzi umepinda unaandika papasi, mgonjwa anapata tiba siku hiyo hiyo. Unatakiwa tu uchukue damu homa ikiwa juu, ikishuka wanapotea.

Sasa kadi imekuja, na mimi siipingi, imeokoa watoto wengi kwenye zahanati ambazo hazina umeme wala mtu wa maabara. Lakini kadi inajibu swali moja tu, malaria ipo au haipo. Haikuambii kuna nini kingine. Hadubini nyingi sasa zimefunikwa kitambaa, na vijana wanaotoka vyuoni wengine hawajawahi kuona papasi kwa macho yao hata mara moja. Mimi kila kadi ikiwa negativu na homa iko juu siku ya tatu narudi kwenye kioo, napaka tone nene na utando mwembamba kwenye kioo kimoja, hata kama wananiambia nachelewesha foleni. Angekuja kwangu mgonjwa kama mama Binti asingekuwa na PCR, angekuwa na mimi na kile kioo tu.

Chuma_cha_Reli (Jumapili, saa 4 usiku)

@MezaYaMaabara nimekuelewa mkuu na naomba radhi @Binti_Muheza kwa ushauri wangu wa jana, niliandika kwa mazoea. Kwetu kila homa ni malaria, mtu unakua hivyo. Mama anaendeleaje?

Binti_Muheza (Jumatano, saa 1 jioni)

Jamani nimerudi. Samahani kwa ukimya, siku mbili hizi zilikuwa ngumu.

PCR ilitoka Jumatatu mchana, ni babesia maikroti, na malaria PCR imetoka negativu kabisa. Kabla haijatoka yule mama wa maabara ya hapa alishapiga simu wodini akasema ameuona ule msalaba wa vinne, ameupata kwenye slaidi ya tatu baada ya kukaa nayo muda mrefu. Daktari alivyokuja kuniambia nikamwambia naujua, nimeelezwa na mtu wa Tanzania, akanikazia macho.

Jumapili usiku vimelea vilipanda mpaka asilimia 9, wakaanza kuongea kuhusu kumbadilisha damu yote kwa mashine, wakasema vikifika 10 au figo na mapafu vikianza kusumbua hawatasubiri. Walikuwa wamempa atovakwoni na azithromaisini, ile ya pili kwa mshipa. Jumatatu usiku 7, jana 3, leo asubuhi chini ya 1. Wanapiga slaidi kila siku, na mimi kila siku naisubiri ile namba kama matokeo ya mtihani wa taifa. Ameongezwa damu chupa mbili, himoglobini 9 sasa. Macho bado yana unjano kidogo ila mkojo umerudi rangi yake ya kawaida. Leo kaomba uji.

Anaplazima negativu. Lyme inaonyesha dalili dalili kwaiyo wamemuongezea doksi. @Nyota_ya_NewHaven asante, ningekuwa sijasoma kwako nisingeuliza.

Kwa ajili ya bandama wamesema sio siku kumi kama wengine, ni wiki 6 kwa uchache, na wiki mbili za mwisho slaidi ziwe hazina kitu. Tiketi yake ilikuwa mwezi ujao tumeisogeza. Na chanjo za mtu asiye na bandama hajawahi kupata hata moja tangu 1987, nazo watampa akipata nguvu.

Swali langu la mwisho, kaka yangu aliyeko New Jersey alikuja Jumapili anataka kumtolea mama damu, wakasema damu inatoka benki. Sasa mi naogopa, kama ugonjwa huu unapita kwenye damu na huku umejaa, hiyo ya benki je?

Nyota_ya_NewHaven (Jumatano, saa 2:15 usiku)

Mungu ni mkubwa, nimefurahi sana!! Usiogope hiyo damu. Kuanzia mwaka 2019 serikali yao ilitoa mwongozo kwamba damu inayotolewa kwa majimbo 14 na Washington DC ipimwe babesia kwa vinasaba, na Massachusetts na Connecticut ziko ndani, New Jersey pia. Kabla ya hapo kuna watu waliambukizwa kwa chupa ya damu, walikuwa wanaugua hata miezi baadaye na hakuna anayefikiria kupe. Mimi mwenyewe nilikuwa natoa damu kila mwaka, baada ya kuugua nilizuiwa, nilielezwa ni angalau miaka miwili halafu wanakupima tena.

Kakako akirudi kwa hiyo bustani avae soksi juu ya suruali, nguo zote ziingie drayer, mashine ya kukaushia, kabla ya kufuliwa, joto linawaua. Na mkague mtoto, nyuma ya magoti, kwapani, kwa nywele.

MezaYaMaabara (Jumatano, saa 4 usiku)

Dada nimesoma ile "chini ya 1" nikainuka kwenye kiti. Asante kwa kurudi kutuambia, watu wengi wakishapata jibu hawarudi.

Nina ombi moja, ukikataa sitaumia. Yule mama wa maabara aliyeuona msalaba, muulize kama anaweza kukupigia picha ya slaidi ile kupitia lenzi, hata kwa simu. Nina wanafunzi wanne wa mazoezi hapa mezani. Nimekuwa nawachorea kwa kalamu ubaoni, sijawahi kuwa na ya kwangu.

Binti_Muheza (Alhamisi, saa 5 asubuhi)

Nimemuuliza, kafurahi mno, amenipa picha nane. Amesema na yeye angependa kuona papasi, hajawahi kuiona, kwaiyo mjiandae kumtumia ya kwenu. Nimemuomba ruhusa mama kwanza maana damu ni yake. Amesema wanafunzi waangalie mpaka washibe, ila jina lake lifutwe kwenye kioo, na nimwambie mwanae wa maabara kwamba akifika Muheza kuna jogoo wake.

Nakutumia inbox sasa hivi. Ya msalaba ni ile ya sita, angalia kona ya kulia juu.